Mwalimu Juu, Ualimu Chini

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: heshima ya kazi inatoka wapi? Kijiweni watakujibu haraka, "Mshahara tu, bwana!" Mshahara umo, sikatai. Lakini historia yetu ina jibu refu zaidi.

Enzi za Mwingereza, waliojua kusoma Tanganyika walikuwa wachache. Kijijini mwalimu ndiye aliyesomewa shida za watu na kuziandika ziwe barua ya kwenda bomani. Hakuwa tajiri, mwenye ng'ombe wengi alimshinda mbali. Ila akipita, wazee walimpisha. Alishika ufunguo ambao wengine hawakuwa nao. Si ajabu walimu na makarani ndio waliokuwa mstari wa mbele katika African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929.

Mwaka 1953 serikali ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka 1955 Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya misheni pale Pugu, akalazimika kuchagua: chaki au TANU. Akaiacha chaki. Jina la Mwalimu halikumwacha. Aliingia nalo Ikulu, akazikwa nalo mwaka 1999.

Sasa hapa ndipo penye kitendawili. Novemba 1974, mjini Musoma, TANU ilikata shauri kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate nafasi ya shule ya msingi. Madarasa yakafurika. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha, huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa redio na masomo ya posta. Mamilioni ya watoto waliandikishwa. Shukrani yao? Waliitwa "walimu wa UPE", kwa kejeli. Miaka ya 1980 bei zikapaa, mshahara ukabaki chini, na walimu wengi wakaanza kuuza maandazi na karanga.

Njaa ilimshusha mwalimu, kweli. Lakini kuna jingine: ule ufunguo aliugawa kwa kila mtu. Kila mtu alipojua kusoma, hapakuwa tena na sababu ya kumpisha njiani. Tulimdharau kwa sababu alifaulu!

Leo kijana akipata alama ndogo huambiwa, "Si ukasomee ualimu tu." Anayesema hivyo, pamoja na sisi tunaoota kuandika riwaya, nani alitushika mkono tukaandika herufi ya kwanza?