Mkono Mwepesi: Historia ya Farasi na Somo la Upole kwa Familia Zetu

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wa Kasese, Bwera na kila mnakotusoma, tunamshukuru Allah (s.w.t.) aliyetukutanisha tena. Leo tunataka kuzungumza juu ya mnyama ambaye watoto wetu wengi wanamjua kwa jina tu. Wanafunzi wa madrasa wanapofika Suratul-Aadiyaat, ile sura ya 100 ambamo Mwenyezi Mungu anaapa kwa farasi waendao mbio, huwa wanauliza: farasi yukoje? Mbona huku kwetu hayupo? Ng'ombe wa Basongora wenye pembe ndefu wanawajua. Mbuzi wanaovushwa kwenda soko la Mpondwe wanawaona kila wiki. Lakini farasi wamemwona kwenye picha.

Swali hilo ni zuri, na jibu lake limetufikisha mbali kuliko tulivyotarajia. Tumejifunza kwamba wataalamu wakubwa wa farasi, Waislamu na wasio Waislamu, walifikia jambo moja: mnyama mwenye nguvu kuliko mtu hafundishwi kwa kuvunjwa, bali kwa mkono mwepesi. Na jambo hilo linatuhusu sisi tusio na farasi hata mmoja.

KWA NINI FARASI HAKUFIKA KWETU

Mwaka 1840 jahazi la Sultani wa Unguja, Sayyid Said bin Sultan, liitwalo Sultanah, lilitia nanga New York likiongozwa na nahodha Ahmad bin Naaman. Miongoni mwa zawadi alizopelekewa Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Kwa sheria za nchi ile Rais hakuweza kuchukua zawadi hizo ziwe zake, basi farasi wakauzwa na fedha zikaingia katika hazina ya serikali.

Kwa hiyo farasi wa Unguja aliweza kuvuka bahari mpaka Marekani. Lakini kuingia bara lilikuwa jambo lingine. Mwaka 1871 Henry Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Hata safari haijakolea, wote wawili walikufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya farasi wengi walioingizwa bara. Maradhi yalikuwa mengi, na kubwa lao lilikuwa lile linaloletwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. David Bruce alipofanya uchunguzi wake kusini mwa Afrika katika miaka ya 1890, ndipo ilipofahamika kwamba mdudu yule hubeba vijidudu vya ugonjwa katika damu. Farasi akiambukizwa, mara nyingi haponi.

Ndiyo maana Uislamu ulifika Uganda kwa miguu. Wafanyabiashara waliofika kwa Kabaka Suna katika miaka ya 1840 walitembea miezi mingi, na mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Huku kwetu, mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika Katwe akajenga ngome karibu na ziwa la chumvi. Kisha akaendelea hadi Kavalli, upande wa Ziwa Albert, akarudi na askari Wasudani wa Salim Bey pamoja na wake na watoto wao. Wengi wao walikuwa Waislamu, na ngome walizowekwa zilikuwa kati ya mahali pa mwanzo ambapo adhana ilisikika katika sehemu hizi. Nao pia walipita kwa miguu.

Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana Uganda, na watu wakahamishwa kutoka sehemu za ukanda wa Ziwa George na Ziwa Edward. Sehemu ya ardhi hiyo ndiyo iliyofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1952. Basi mtoto akiuliza mbona hatuna farasi, jibu moja analipita kila anapokwenda Katwe.

MBIO MBILI ZA MADINA

Pamoja na hayo, farasi yumo katika dini yetu na katika historia yetu. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi Madina, na Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa mmoja wa walioshiriki. Farasi waliokuwa wametayarishwa walikimbia kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, kiasi cha maili 5 au 6. Wale ambao hawakutayarishwa walikimbia kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili 1 tu.

Wazazi, tuliangalie jambo hili vizuri. Kulikuwa na njia mbili kwa sababu farasi walikuwa wa namna mbili. Kutayarisha huko kulikuwa na utaratibu wake: farasi alilishwa mpaka akanenepa, kisha chakula kikapunguzwa kidogo kidogo na akafunikwa nguo ili atoke jasho, hadi mwili ukakaza na pumzi zikawa nzuri. Ambaye hajapitia mafunzo hayo hakubebeshwa masafa ya aliyeyapitia.

Na imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mkaidi akawa anamvuta huku na huku. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza ashike upole, akamfahamisha kwamba upole hukipamba kila kitu unachoingia, na kila kinachoondolewa upole huharibika. Hadithi hii tunaisoma sana kwenye mawaidha ya ndoa na ujirani, lakini tunasahau kwamba ilisemwa juu ya mgongo wa mnyama, kwa mtu aliyeshika hatamu.

ELIMU YA FURUSIYYA

Waislamu waliofuata waliifanya kazi ya farasi kuwa elimu, wakaiita furusiyya. Katika karne ya 9 Ibn Akhi Hizam, aliyehudumu katika dola ya Bani Abbas wakati wa Khalifa al-Mu'tadid, aliandika kitabu cha upandaji na tiba ya farasi. Moja ya mafundisho yake ni kwamba mwanafunzi aanze kupanda mgongo mtupu, bila tandiko. Faida yake inaeleweka: asiyejua kukaa sawasawa hujishikilia kwa hatamu, na kila akiyumba lijamu linamuumiza farasi mdomoni. Kwa hiyo mpandaji hujifunza kwanza kujitawala yeye mwenyewe.

Kule Misri, katika zama za Mamluki, vijana walianzia juu ya farasi wa bandia kabla ya kupewa farasi hai. Makosa yao ya mwanzo hayakumwangukia mnyama. Ibn al-Mundhir, tabibu wa farasi wa Sultani an-Nasir Muhammad katika karne ya 14, aliandika kitabu kikubwa cha matunzo na tiba ya farasi. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim wa Damascus, ambaye vitabu vyake tunavisoma hadi leo, naye aliandika kitabu kiitwacho al-Furusiyya.

Andalusi nako Waberberi wa kabila la Zanata walisifika kwa wepesi wao juu ya farasi, wakipanda kwa vikuku vifupi na kugeuka ghafla. Sifa hiyo ilienea hata Wahispania wakachukua jina la kabila hilo kuwa neno lao la mpanda farasi: jinete.

Hatusemi haya ili tujisifu. Farasi wale walikuwa wa vita, na baadhi ya lijamu zilizotumika katika nchi za Kiislamu zilikuwa kali sana. Lijamu kali katika mkono mzito ni mateso. Na kabla ya yote hayo, katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Myunani aitwaye Xenophon alikwisha kuandika kwamba farasi anayelazimishwa haelewi anachokifanya wala hapendezi, sawa na mchezaji ngoma anayechapwa ili acheze. Hekima ni ya kila aliyejaaliwa nayo.

KUACHIA MKONO

Ulaya nayo ilipita njia yake. Mwaka 1550 Federico Grisone wa Napoli alitoa kitabu kilichosifika sana, na ndani yake mlikuwa na adhabu nyingi za kikatili kwa farasi mkaidi. Baada yake alikuja Mfaransa Antoine de Pluvinel, mwalimu wa Mfalme Louis wa 13, akafundisha subira, kubembeleza na kutumia mjeledi kwa nadra. Kisha François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake cha mwaka 1733, akapanga mafunzo hatua kwa hatua. Shule ya farasi ya Vienna inafuata njia hiyo mpaka leo. Katika karne ya 20 Mreno Nuno Oliveira (1925 hadi 1989) alifundisha wepesi huohuo kwa watu waliomfuata kutoka nchi nyingi.

Wepesi ni nini hasa? Kwa maumbile, farasi hubeba uzito mwingi wa mwili wake kwa miguu ya mbele. Akipandwa na mtu, uzito wa mbele unazidi, naye huegemea lijamu kama mzee anavyoegemea mkongojo. Mpandaji akivuta, farasi naye anavuta, na farasi ana nguvu zaidi. Mwalimu mwenye subira humzoesha kwa mazoezi mafupi ya kila siku aingize miguu ya nyuma chini ya tumbo na kubeba uzito kwa nyuma. Hapo mbele huwa wepesi, taya hulegea, na kidole kimoja kinatosha kumwongoza. Kazi hii ni ya miaka, haina njia ya mkato.

Lakini kilichotugusa zaidi ni jinsi wanavyompima farasi huyo. Guérinière anaeleza jambo la kushusha mkono: farasi akiwa anakwenda vizuri, mpandaji hulegeza hatamu kabisa. Farasi aliyeshikiliwa kwa nguvu ataanguka mbele au atakimbia. Aliyefundwa ataendelea na mwendo uleule, kichwa palepale, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mafunzo hupimwa wakati mkono umeachia.

NA SISI TUSIO NA FARASI?

Waswahili tuna misemo miwili juu ya punda. Mmoja unasema asante ya punda ni mateke. Mwingine unasema punda afe mzigo ufike. Je, aliyeishi maisha yake yote chini ya msemo wa pili, tunashangaa nini akitulipa kwa ule wa kwanza?

Barabara ya kutoka Kasese mjini kwenda Bwera tunaijua. Tumeona mbuzi waliofungwa miguu juu ya pikipiki, vichwa vinaning'inia kwenye jua. Tumeona ng'ombe akichapwa usoni kwa sababu hataki kupanda gari, na hali Mtume (s.a.w.) amekataza kumpiga mnyama usoni. Imepokewa na Abu Dawud kwamba ngamia alitokwa na machozi mbele yake, naye akamkemea mwenye ngamia kwa kumnyima chakula na kumchosha. Tutasema nini sisi Siku ya Kiyama, ikiwa mnyama tuliyemla kwa Bismillah tulimleta sokoni kwa dhulma?

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni malezi. Sheria ya Uganda ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2016, lakini sote tunajua kwamba fimbo haijatoka katika nyumba zetu, na mara nyingine hata katika sehemu tunazofundishia Qur'ani. Tunajiambia kwamba mtoto bila fimbo haendi. Waliofundisha farasi wa kilo 500 waliwahi kusema vivyo hivyo, kisha wakajifunza vingine.

Upole si kumwachia mtoto afanye atakalo. Pluvinel na Guérinière hawakuwaachia farasi wao, waliwafundisha kila siku. Lakini tujiulize kwa ukweli: mtoto anayeswali kwa kuogopa fimbo ya baba, ataswali siku ngapi akienda kusoma Kampala? Siku moja kila mzazi atalegeza hatamu, atake asitake, kwa safari, kwa ndoa au kwa mauti. Siku hiyo ndipo itakapoonekana tulichokifundisha.

Basi tunapendekeza mambo matatu kwa kila familia. Kwanza, tumpe kila mtoto masafa yanayolingana na matayarisho yake, kama zile mbio mbili za Madina. Anayeanza alifu asidaiwe juzuu. Pili, anapokosea tujikague kwanza sisi: je, tulimweleza akaelewa, au tunavuta hatamu kwa sababu wenyewe tumeyumba? Tatu, anapofanya vizuri tulegeze mkono hapohapo, kwa neno jema au kwa kumpa nafasi afanye peke yake. Farasi hujua kwamba amepatia pale uzito unapomwondokea. Mtoto naye hivyohivyo.

Wanafunzi, na nyinyi mna sehemu yenu. Mkitumwa kupeleka mbuzi malishoni, jaribuni njia ya wepesi wiki moja, bila fimbo, kisha mtuambie mmeona nini.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie upole katika majumba yetu, azilainishe nyoyo zetu na mikono yetu, na awafanye watoto wetu kuwa wenye kuendelea katika njia iliyonyooka hata pale ambapo hakuna anayewaona ila Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.