Roketi za Shabaha Zinaweza Kulinda Jiji? Uliza Kharkiv

Wasee, hebu tuongee kuhusu HIMARS. Vile watu huisifu, utadhani hilo lori la roketi 6 ni ngao. Si ngao. Haliwezi kuzuia kombora likishatoka. Kazi yake ni kumpiga anayerusha, asirushe tena.

Na hiyo si kazi rahisi. Mwaka 1944 Wajerumani waliipiga London na V-2, kombora lenye kasi kuliko sauti. Hakuna mzinga ungelitungua. Walikuwa wanarusha kutoka msituni karibu na The Hague, halafu wanahama. Machi 3, 1945 ndege za Uingereza zikaenda kuwalipua, mabomu yakaangukia mtaa wa Bezuidenhout. Raia zaidi ya 500 wakafa, na V-2 zikaendelea kurushwa. Hivyo ndivyo kukosa shabaha hufanya.

Sasa njoo Kharkiv, jiji la pili kwa ukubwa Ukraine, kama kilomita 30 tu kutoka mpaka wa Urusi. Warusi walikuwa wanarusha S-300 kutoka upande wa Belgorod, na zinafika chini ya dakika moja. Yaani king'ora kikilia, ushachelewa. Mei 23, 2024 zilipiga kiwanda cha kuchapisha vitabu, wafanyakazi 7 wakafa.

Na Ukraine ilikuwa na HIMARS tangu Juni 2022, roketi zake zikifika zaidi ya kilomita 70! Shida ni kwamba Marekani ilikataza zirushwe ndani ya Urusi. Ruhusa ilitoka mwisho wa Mei 2024. Mapema Juni mitambo ya S-300 huko Belgorod ikaanza kuchomwa, na mashambulizi ya S-300 kwa jiji yakapungua. Hata meya, Ihor Terekhov, alisema wamepata utulivu kiasi.

Lakini usishangilie bado. Warusi waliendelea na mabomu yenye mabawa, yanayoachiliwa na ndege kutoka mbali. HIMARS haiwezi kufukuza ndege angani. Agosti 30, 2024 bomu kama hilo lilipiga jengo la ghorofa Kharkiv, na msichana mmoja akauawa kwenye uwanja wa kuchezea.

Kwa hivyo jibu langu: roketi zinasaidia, lakini peke yake hazitoshi. Bado unahitaji kitu cha kutungua ndege. Na unahitaji ruhusa. Hiyo ndiyo hunikera zaidi, manake ruhusa haina gharama ya kiwanda, na bado watu wa Kharkiv waliingojea karibu miaka 2.