Njia Isiyoandikiwa Riwaya

Usiku wa Julai 4, 1942, Admirali Dudley Pound aliagiza kutoka London kwamba msafara wa PQ 17 utawanyike. Alikuwa akiihofia manowari ya Kijerumani Tirpitz, ambayo saa hiyo ilikuwa bado Norway. Meli za kivita zikageuza, na meli za mizigo zikaachwa kila moja ijitafutie njia kwenye bahari ya barafu. Kati ya 35 zilizong'oa nanga Iceland, 24 zilizamishwa, pamoja na vifaru zaidi ya 400 na ndege zipatazo 200 zilizokuwa zikipelekwa kwa Wasovieti.

Misafara ya Aktiki imewapa kazi waandishi wa pande zote mbili. Alistair MacLean, Mskoti aliyewahi kuwa baharia kwenye maji hayo, alitoa riwaya ya HMS Ulysses mwaka 1955. Valentin Pikul, aliyeingia Kikosi cha Kaskazini cha Kisovieti akiwa bado kijana mdogo, aliandika juu ya PQ 17 yenyewe mwaka 1970. Kwa MacLean, mabaharia wamechoka hadi wameshaasi mara moja, nahodha anatema damu, na wanakufa kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzao. Wasovieti wanaosubiri shehena ni kama hawapo. Pikul anawaweka mbele: anamtukuza Lunin wa nyambizi K-21, aliyeirushia Tirpitz torpedo Julai 5, ingawa kumbukumbu za Wajerumani hazionyeshi kwamba ilipigwa. Wakubwa wa London hawasamehe hata kidogo. Hapo Mskoti na Mrusi wanakutana: wote wawili wanampenda baharia na hawana imani na aliyekaa ofisini.

Wanakutana pia katika kosa. Ukisoma riwaya hizi utaamini kwamba msaada wa Washirika ulipita Aktiki, na kwamba thamani yake ni damu iliyomwagika huko. Lakini njia hiyo ilibeba takriban robo tu ya tani zote. Karibu nusu ilipita Pasifiki, tena mbele ya macho ya Wajapani. Japani ilikuwa vitani na Marekani lakini ilikuwa na mkataba wa kutoegemea upande na Moscow tangu Aprili 1941, kwa hiyo meli zilizopeperusha bendera ya Kisovieti zilifika Vladivostok zikiwa na chakula, mafuta, malori na vichwa vya treni. Silaha zilipitishwa kwingine. Kwa mtunzi wa riwaya, safari ya namna hiyo haina cha kusimulia.

Njia ya tatu ilikuwa Iran, iliyovamiwa na Uingereza na Wasovieti kwa pamoja Agosti 1941. Meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ndiyo sababu mojawapo Kilindini ya Mombasa ilijaa manowari za Kiingereza mwaka 1942. Malori yalifika yakiwa vipande ndani ya makasha. Vibarua wa Kiirani waliyaunga huko Andimeshk na Khorramshahr, yakapakiwa shehena, madereva wa Kisovieti wakayapandisha kaskazini. Lori la Kimarekani la Studebaker lenye ekseli tatu lilipenda matope ya Urusi kuliko malori mengi ya huko kwenyewe, na juu yake ndipo zilipofungwa roketi nyingi za Katyusha. Silaha hiyo maarufu ya Kisovieti mara nyingi ilitembea kwa magurudumu yaliyotoka Indiana, Marekani.

Wanauchumi nao wana mapokeo yao. Nikolai Voznesensky aliandika mara baada ya vita kwamba msaada wote ulikuwa kama asilimia 4 ya uzalishaji wa Kisovieti. Yeye mwenyewe alipigwa risasi mwaka 1950, lakini tarakimu yake ilibaki vitabuni kwa miongo kadhaa. Wamarekani hujibu kwa kuorodhesha: malori na magari ya jeep zaidi ya 400,000, vichwa vya treni karibu 2,000, mamilioni ya jozi za mabuti. Orodha haisemi vilifika lini, na vingi vilifika baada ya Stalingrad. Asilimia nayo haisemi kwamba viwanda vya Kisovieti viliweza kujikita kwenye vifaru kwa sababu vichwa vya treni vilikuwa vikija kutoka nje.

Mapokeo ya kweli zaidi yalikuwa ya chinichini. Askari wa Kisovieti waliokuwa wakingoja Washirika watue Ufaransa waliibatiza nyama ya kopo ya Kimarekani "uwanja wa pili wa vita", na kila kopo lilipofunguliwa walijitania kwamba hatimaye uwanja umefunguliwa. Jemadari Zhukov, katika mazungumzo yaliyonaswa kisiri mwaka 1963, alikiri kwamba bila msaada huo wasingeweza kuunda akiba za jeshi wala kuendelea na vita.

David Glantz na Jonathan House, Wamarekani waliolichunguza Jeshi Jekundu kwa undani, wanakadiria kwamba bila msaada Wasovieti wangeshinda hata hivyo, ila kwa miezi 12 hadi 18 zaidi. Naegemea upande wao. Na Mrusi anayeona kwamba kukubali hivyo kunamshusha askari wake asahau kidogo asilimia zake, akumbuke kwamba miezi hiyo ingepiganwa na askari huyohuyo.