Bruda Colm na Shule ya St. Patrick's, Iten

Julai 1976 Kenya iliiondoa timu yake katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya makaburu. Tanzania nayo ilijitoa, na pambano la Filbert Bayi na John Walker katika mita 1500, lililosubiriwa na dunia nzima, halikufanyika. Kwa upande wa Kenya, mmoja wa waliopoteza zaidi alikuwa Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 kule Munich mwaka 1972, aliyekuwa bado katika kilele cha nguvu zake. Boit alikuwa amesoma St. Patrick's, shule ya bweni ya wavulana katika mji mdogo wa Iten. Na mwaka uleule ambao mwanafunzi huyo wa zamani alinyimwa Olimpiki yake, alifika shuleni hapo mwalimu mgeni wa jiografia, bado hajatimiza miaka thelathini, mtawa kutoka Cork nchini Ireland. Jina lake Colm O'Connell. Alikuja akidhani atakaa muda mfupi. Hakuwa na ujuzi wowote wa ukocha wa riadha.

Shule yenyewe ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mabruda wa Mtakatifu Patrick, shirika la watawa lililoundwa Tullow, Ireland, mwaka 1808 na Askofu Daniel Delany kwa kazi ya elimu. Walijenga kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na Bonde la Kerio kuonekana lote chini. Wavulana waliokuja kusoma hapo walitoka hasa katika jamii za Wakalenjin wa pande hizo, na riadha ilikuwepo kabla ya Bruda Colm. Boit ni ushahidi tosha. Nalisema hili mapema kwa sababu masimulizi mengi kuhusu Iten hupenda kuanza na Mzungu anayeshuka kwenye gari na kugundua vipaji. Vipaji vilikuwa vimeshagunduliwa. Mchango wa mgeni huyu ulikuwa mwingine, na kwa maoni yangu ulikuwa mkubwa zaidi.

Aliyekuwa akisimamia riadha alipofika ni mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyeshinda shaba ya mita 10,000 kulekule Montreal. Colm akawa msaidizi wake. Foster hakukaa sana. Alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia. Kwa kuwa hakuwa na nadharia za kutetea, alifanya lile ambalo makocha wengi wenye vyeti hushindwa kulifanya: alitazama. Aliwatazama vijana wanavyoweka mguu chini, wanavyobeba mabega, nani anakunja uso kwenye kilima na nani anapanda akiwa bado anazungumza na mwenzake. Aliwauliza maswali, akasikiliza majibu. Baadaye alizoea kusema kwamba wanafunzi wake ndio waliomfundisha ukocha, na hakusema hivyo kwa kujipendekeza.

Mazoezi yake yamewashangaza wageni wengi. Anayetarajia kuona vijana wakikimbizwa mpaka watapike hukuta kundi likienda polepole kwenye barabara ya vumbi jekundu, mwendo ambao hata mtu wa kawaida angeufuata. Kisha kundi linasimama mahali pa tambarare na kuanza mazoezi madogomadogo: kuinua goti, kutuliza mikono isivuke kifua, kunyoosha mgongo, kutua kwa sehemu ya mbele ya mguu na kuinuka tena bila kishindo. Zoezi moja hurudiwa mara nyingi. Anayekosea hapigiwi kelele. Huonyeshwa na mwenzake anayelijua. Kazi nzito ipo na ina siku zake, lakini kwa mwanafunzi mdogo haina haraka. Bruda Colm aliamini kwamba kijana aliyekamuliwa akiwa na miaka kumi na sita hatabaki na kitu akifika ishirini na tano.

Jambo la pili ni kwamba alikuwa mwalimu kwanza. Ratiba ya mbio ilifuata kengele ya shule. Mkimbiaji alikuwa na daftari la jiografia lililosahihishwa na mtu yuleyule aliyemsubiri uwanjani saa kumi jioni, kwa hiyo kocha alijua nani hajala, nani karo imechelewa, nani ana msiba nyumbani. Kasi peke yake haikumtosheleza. Alitaka vijana wamalize shule, na wengi wao walipata ufadhili wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani kwa sababu walikuwa na miguu pamoja na vyeti. Boit mwenyewe, aliyetangulia njia hiyo, alifika mpaka kwenye udaktari wa elimu na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Kenya ilisusia pia Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kwa hiyo kizazi kizima cha wakimbiaji kikapita bila kuonekana katika michezo hiyo. Shuleni Iten kazi haikusimama. Mapacha Kipkoech na Charles Cheruiyot walitokea katika miaka hiyo wakiwa bado vijana wa shule, na Charles akafika fainali ya mita 5000 kule Los Angeles mwaka 1984. Mwaka 1986, mashindano ya kwanza ya dunia ya vijana yalipofanyika Athens, Bruda Colm alikabidhiwa kazi ya kuchagua timu ya Kenya, nayo ikajaa vijana wa Iten. Peter Chumba alishinda mita 5000 na mita 10,000, Wilfred Kirochi akachukua mita 1500, na Selina Chirchir mita 800 za wasichana.

Miaka miwili baadaye ulikuja mwaka wa mavuno. Aprili 1988 Ibrahim Hussein, mwanafunzi wa zamani wa St. Patrick's ambaye mwaka uliotangulia alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, alikimbia Boston bega kwa bega na Mtanzania Juma Ikangaa mpaka hatua za mwisho. Hussein alimaliza kwa saa 2:08:43, Ikangaa sekunde moja nyuma yake. Hapakuwahi kuwa na mwanamume Mwafrika aliyeshinda Boston kabla ya siku hiyo, na Afrika Mashariki ilichukua nafasi zote mbili za kwanza. Hussein alirudi na kushinda tena mwaka 1991 na 1992. Halafu Olimpiki ya Seoul: Peter Rono, mwenye miaka ishirini na mmoja, ambaye wengi hawakumtia katika hesabu zao, aliongoza fainali ya mita 1500 na kukataa kupitwa. Peter Elliott alimfuata, Steve Cram akaachwa nafasi ya nne. Muda wa Rono, dakika 3:35.96, haukuwa wa kutisha. Kilichowashinda wenzake ni jinsi alivyoipangilia mbio yenyewe, na hilo ni jambo linalofundishika. Barcelona 1992 Matthew Birir, naye wa St. Patrick's, alichukua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Ndani ya uwanja wa shule kuna miti iliyopandwa na wanafunzi waliorudi na ushindi mkubwa wa kimataifa, kila mti na kibao chenye jina la aliyeupanda. Mwanafunzi mpya huipita kila siku akienda darasani. Nimeona viwanja vya michezo vyenye sanamu za shaba zilizogharimu fedha nyingi, na bado naona desturi hii ya Iten ni bora, kwa sababu aliyepanda huja na jembe mwenyewe na watoto humwona akichimba.

Kuhusu mita 800 naomba kutua kidogo. Wilson Kipketer alisoma St. Patrick's kabla ya kwenda Denmark mwaka 1990. Huko akawa bingwa wa dunia mara tatu, 1995, 1997 na 1999, akiikimbilia nchi iliyompokea, na Agosti 1997 mjini Cologne aliweka rekodi ya dunia ya dakika 1:41.11. Rekodi hiyo ilidumu miaka kumi na tatu, hadi Agosti 2010, ilipovunjwa mjini Berlin na kijana mwingine aliyefundishwa na Bruda yuleyule: David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, ambaye baba yake Daniel alishinda medali ya fedha ya mita 400 kupokezana vijiti kule Mexico mwaka 1968. Rudisha alikuja Iten kusoma Kimuron, si St. Patrick's, akiwa mkimbiaji wa mita 400, na ni Bruda Colm aliyemshauri ajaribu mara mbili ya umbali huo. Tarehe 9 Agosti 2012 mjini London aliongoza fainali tangu mwanzo bila mtu wa kumvuta, akamaliza kwa 1:40.91. Aliyeshika nafasi ya nane siku hiyo alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika kila moja ya Olimpiki tatu zilizotangulia.

Wengine husema ni hewa ya mlimani, wengine ni damu ya Wakalenjin. Hewa hiyo imekuwepo tangu enzi na enzi, na Mmaasai Rudisha anaharibu hesabu ya damu. Nchi ina miji mingine ya mwinuko kama huo ambayo haikutoa mabingwa wengi kama Iten. Iten ilipata shule yenye bweni, chakula cha uhakika, na mwalimu aliyekaa. Alipoacha uongozi wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuwa mwalimu mkuu, hakurudi Cork. Alibaki katika nyumba yake ndani ya uwanja wa shule na kuendelea na vijana. Leo wanariadha wa mataifa mengi hufunga safari kuja kufanya mazoezi Iten, hoteli na kambi zimejaa, na lango la mji linawakaribisha watu kwenye makao ya mabingwa. Riziki hiyo ya wapishi, madereva na wenye nyumba za kupanga ilianzia kwenye uwanja wa nyasi wa shule ya sekondari.

Pengine kazi yake isiyosimuliwa vya kutosha ni ile ya wasichana. St. Patrick's ni shule ya wavulana, na katika miaka ya 1980 wazazi wengi wa Bonde la Ufa hawakuona sababu ya binti kukimbia akishavuka umri wa shule ya msingi. Mwishoni mwa muongo huo Bruda Colm alianza kuwaalika wasichana kwenye kambi za likizo. Walipita mikononi mwake Susan Sirma, Mkenya wa kwanza wa kike kupata medali katika mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo 1991. Na Lydia Cheromei, aliyeshinda mbio za nyika za dunia za vijana mwaka huohuo akiwa na miaka kumi na mitatu tu. Baadaye akaja Janeth Jepkosgei, aliyesoma Sing'ore, shule ya wasichana ya hapohapo Iten, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mjini Osaka mwaka 2007.

Oktoba 2021 mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, na wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Tangu hapo pamekuwa na mazungumzo mengi, na ya lazima, juu ya wasichana wanaoacha shule wakiwa wadogo na kuangukia mikononi mwa wanaume wanaojiita makocha, wanaowashikia fedha, simu na hati za kusafiria. Wanaotafuta namna ya kuwalinda hawahitaji kwenda mbali. Katika kambi za Bruda Colm wasichana walilala bwenini, walikula pamoja, walifanya mazoezi mbele ya macho ya kila mtu, na muhula ulipofunguliwa walirudi darasani.