Shoka, Panga na Mundu: Vyuma Vilivyokata Miti ya Pwani

Taarikh za bahari yetu husifu jambia na upanga, na vyuma vya kazi huvipita haraka. Lakini ni vya zamani mno. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, chahesabu bidhaa zilizoletwa pwani ya Rhapta: mikuki iliyofuliwa Muza, bandari ya Yemen, pamoja na mashoka, majambia na misharasi. Katika karne ya 10 al-Istakhri aliandika kuwa nyumba za Siraf, katika Ghuba, zilijengwa kwa msaji na miti ya nchi ya Zanj. Miti hiyo haikujikata.

Wakata boriti za mikoko wa Lamu na Rufiji walijua tofauti ya vyuma. Shoka la kienyeji ni kipande kifupi cha chuma kilichopenyezwa katika mpini wenye kichwa kinene. Kila pigo huzidi kulikaza. Kwa boriti, ngumu na nzito, hakuna badala yake. Panga ni refu na jembamba: hufyeka pau na kupunguza matawi, lakini katika shina nene hunasa. Mundu, kwa kuwa umepinda, huvuta badala ya kupiga, basi kazi yake ni nyasi na vichaka. Jirz ya Musandam, kishoka kidogo juu ya fimbo ndefu, ni ya kutembelea na ya heshima. Si ya msituni.

Lugha nayo ni shahidi. Panga ni upanga uliokuzwa jina: silaha ikawa chombo cha shamba. Januari 1964, Unguja, chombo kikarudi kuwa silaha, na kwa jamaa wengi waliokimbilia Maskati, Dubai na London neno hilo bado ni zito. Hilo halifutiki, wala halifai kufutwa. Lakini tukilibakisha panga hapo tu, tutawasahau waliofyeka mashamba ya mikarafuu, wengi wao watumwa, na wakata mikoko ambao urefu wa boriti zao ndio uliopima upana wa vyumba vyetu vya mawe.

Makumbusho yamejaa majambia ya fedha. Aliye na shoka la babu yake asilitupe; aandike lilikata nini, wapi, na mkononi mwa nani.