Jina Kapuni: Wazee wa Kagera Waliojua Upepo Kabla ya Feni ya Kompyuta Yako

Wadau, udaku wa leo ni wa kihistoria. Hakuna staa aliyeachwa, hakuna ndoa iliyovunjika. Kuna wazee wa Kagera, majina kapuni, na kuna hiyo kompyuta ya mezani uliyojiungia mwenyewe, inayovuma kama mashine ya kusaga. Wanahusianaje? Tulia, usikimbie.

Kwanza tuelewane. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa unageuka joto. Feni haitengenezi ubaridi, inasogeza hewa tu. Kwa hiyo swali la kelele ni swali la upepo: unaingilia wapi, unapita wapi, unatokea wapi. Swali hilo watu wa Buhaya walilijibu zamani sana, ila wao walitaka kinyume chake. Wao walitaka joto lipande.

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Muleba unapita Kemondo. Pale kwenye ghuba wanaakiolojia walichimbua mabaki ya matanuru ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Mabaki mengine yako Katuruka, upande wa Maruku. Siyo hadithi za babu hizo, vitu vipo ardhini.

Sasa ubuyu wenyewe. Mwaka 1976, mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru kama la zamani. Kazi hiyo ilikuwa imelala kwa miongo kadhaa, kwa sababu chuma cha bei rahisi cha Ulaya kiliwatoa sokoni. Wazee hawakuwa na kitabu wala video ya YouTube. Walikuwa na kumbukumbu tu. Wakachimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya kinamasi ndani yake. Wakajenga tanuru juu, wakapenyeza mabomba ya udongo mpaka ndani ya moto, kisha wakakaa kwenye mivukuto na kusukuma hewa kwa mikono. Chuma kikatoka.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika kwenye jarida la Science. Hoja yao: hewa ilipata moto ikiwa bado ndani ya yale mabomba, ndiyo maana tanuru lilifikia joto kali namna ile. Wataalamu wengine wamewapinga kwenye hoja hiyo, na ubishi wa wasomi hauishi leo. Ila kwamba wazee walijua kuongoza hewa, hapo hakuna ubishi.

Wakati huohuo dunia ilikuwa wapi? Hapa kwetu, mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kule Marekani, mwaka 1977 ikatoka Apple II, haina feni na inafanya kazi freshi. Bosi mmoja wa kampuni hiyo, jina kapuni ila mnamjua, alichukia kelele ya feni kuliko kitu chochote. Mwaka 1980 ikaja Apple III, nayo bila feni, safari hii ikiwa na vitu vingi zaidi ndani. Ikawa aibu. Mashine zilipata moto na kugoma, na inasimuliwa kwamba wateja waliambiwa wainyanyue kidogo na kuiachia idondoke mezani ili chipu zirudi kwenye soketi. Mwaka uliofuata IBM wakatoa kompyuta yao, ina feni kwenye pawa saplai, na wakateka soko.

Funzo ni kwamba kimya hakiji kwa kuufukuza upepo. Kinakuja kwa kuupa njia. Wazee wa Kagera wangemwambia bosi yule hivyo bure kabisa.

Sasa tuje kwako wewe prodyuza wa Bukoba unayerekodi sauti chumbani, maiki ikiwa hatua mbili tu kutoka kwenye kompyuta. Uwe na msanii mkali kiasi gani, ule mvumo utaingia kwenye wimbo. Fanya hivi.

Nunua feni kubwa, ya milimita 120 au 140. Kubwa ikizunguka polepole inasukuma hewa sawa na ndogo inayokimbia kama imefukuzwa na mbwa. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, upepo nao unapungua karibu nusu, lakini kelele inashuka kwa kama desibeli 15. Hiyo biashara inalipa. Chagua yenye pini 4, ili uiwekee kwenye BIOS mwendo unaofuata joto. Kasha liwe na wavu mbele, siyo kioo kitupu. Hewa iingie mbele, itokee nyuma. Na hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi, liwe kubwa.

Halafu watu wa Bukoba mna bahati ambayo hamuisemi. Prosesa hujipima kwa hewa ya chumba. Chumba kikiwa na digrii 22 badala ya 32 za Dar, na prosesa inapoa kwa karibu digrii 10 hizohizo. Yaani feni yako inaweza kutembea wakati ya mwenzako Kariakoo inakimbia.

Ila msijisahau. Vumbi jekundu la Muleba wakati wa kiangazi linaziba mapezi, kwa hiyo weka chujio na ulisafishe. Na Novemba, senene wakianza, wewe umeacha dirisha wazi na taa za RGB zinawaka rangi zote? Unawaalika mwenyewe. Senene ni wa kikaangoni, siyo wa kwenye feni.

Namalizia na kinachoniuma. Bosi aliyechukia feni, dunia nzima inalijua jina lake, pamoja na kwamba mashine yake iligoma. Waliolifufua tanuru mwaka 1976 kwa kumbukumbu tu, ni wangapi kati yetu tunaweza kumtaja hata mmoja? Kwenye udaku jina huwa kapuni kwa kumsitiri mtu. Hawa hawana cha kusitiriwa.

Kwa hiyo mdau wa Kemondo, Maruku, Kamachumu au Muleba mjini: kama ukoo wenu una habari za wahunzi wa zamani, muulize babu au bibi wikiendi hii. Akikuruhusu, dondosha jina hapo chini.