Viongezi vya mafuta ya gari

Viongezi vya mafuta ni kemikali zinazotiwa kidogo kidogo katika petroli au dizeli ili kubadilisha namna mafuta yanavyoungua, yanavyotunzwa au yanavyopita kwenye pampu na nozeli. Vingi hutiwa na kampuni za mafuta kabla lori halijafika kituoni. Vingine huuzwa kwa chupa katika maduka ya vipuri, na wateja huviita dawa ya kusafisha injini. Viongezi vya kusafisha vina faida iliyothibitishwa, kwani huzuia ukoko usijijenge kwenye njia ya mafuta na huuondoa kwa kiasi. Hakuna hata kimoja, hata hivyo, kinachorudisha chuma kilichokwisha kulika, wala kinachofidia oili iliyochoka.

Historia

Desemba 1921, mhandisi Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors ya Marekani aligundua kuwa tetraethili ya risasi huzuia injini ya petroli kugonga. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa Dayton, Ohio, Februari 1923. Mbali na kuzuia kugonga huko, risasi ilitanda juu ya viti vya vali na kuvikinga visilike, na kwa hiyo injini za wakati huo zilinufaika nayo kwelikweli.

Gharama yake waliilipa watu. Oktoba 1924, wafanyakazi 5 walikufa kwa sumu ya risasi katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, na kwa miongo mingi moshi wa magari ulieneza madini hayo yanayodhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na zilitimiza azma hiyo kufikia Januari 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari, iliikomesha Julai 2021. Viti vya vali vya magari ya leo hutengenezwa kwa chuma kigumu kisichohitaji risasi.

Aina na utendaji

Visafishaji ndivyo vyenye ushahidi mzito zaidi. Tundu la nozeli ni jembamba mno; ukoko mdogo tu ukikaa mdomoni mwake, mafuta hayatoki tena kama ukungu bali hutiririka kwa matone. Matone hayaungui yote, injini hutetemeka ikinguruma gari likiwa limesimama, na petroli iliyobaki huosha oili kwenye kuta za silinda. Kemikali inayosifika kwa kazi hii ni polieteramini, kwa kifupi PEA, inayostahimili joto la ndani ya silinda.

Tangu mwaka 1995, sheria ya Marekani inataka petroli yote iwe na kisafishaji. Kampuni za BMW, General Motors, Honda na Toyota ziliona kiwango hicho cha chini hakitoshi, na mwaka 2004 zikaanzisha cha juu zaidi kiitwacho Top Tier. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 na AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, lilionyesha kuwa petroli isiyofikia kiwango hicho iliacha ukoko mara 19 zaidi, kwa wastani, baada ya mwendo wa maabara sawa na kilomita 6,400 hivi.

Viongeza oktani huhitajika pale tu injini inapogonga kwa sababu petroli iliyomo iko chini ya kiwango alichoagiza mtengenezaji. Gari lisilogonga halipati umri zaidi kwa kuongezewa oktani. Baadhi ya viongezi hivyo vina chuma au manganizi, ambavyo huacha unga mwekundu au wa rangi ya kahawia kwenye plagi na kuziba kichujio cha moshi.

Katika dizeli, viongezi vya ulainisho vina kazi ya lazima. Kuondoa salfa kiwandani huondoa pia sehemu ya ulainisho wa asili, ilhali pampu na nozeli za dizeli hulainishwa na mafuta yenyewe. Ndiyo maana kampuni hurudisha ulainisho huo kabla ya kuuza.

Mipaka

Sehemu zinazoamua umri wa injini, yaani beringi, krenki, ringi za pistoni na kuta za silinda, hulindwa na oili. Kiongezi kilichotiwa kwenye tangi huungua pamoja na petroli na hakifiki kwenye beringi. Hata usafishaji una mpaka: magari mengi mapya hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo mafuta hayazigusi kabisa vali za kuingizia hewa. Ukoko wa vali hizo huondolewa na fundi aliyefungua injini.

Afrika Mashariki

Januari 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha salfa katika dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni. Tatizo linaloumiza zaidi injini za ukanda huu ni uchakachuaji, hasa kuchanganya mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli. Mafuta ya taa hushusha oktani ya petroli na kupunguza ulainisho wa dizeli. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili kuyabaini yaliyochakachuliwa, na mwaka 2018 Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya wachakachuaji. Hakuna chupa inayotibu mafuta yaliyochakachuliwa. Tangi humwagwa na kusafishwa.

Matumizi

Kisafishaji chenye PEA kinafaa kwa gari la petroli linalotetemeka au lililozoea safari fupi za mjini, kwa kipimo kilichoandikwa na baada ya fundi kuhakikisha kuwa plagi na koili ni nzima. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu aanze na oili ya daraja sahihi na kichujio chake, kisha kichujio cha hewa, hasa kwenye barabara za vumbi, na maji ya rejeta. Hivyo ndivyo vinavyogusa sehemu zinazolika, na ndivyo vinavyostahili shilingi ya kwanza.